Nimechangisha mbio za saratani, sasa mjomba anauliza hela ziko wapi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 37 na watoto wawili, wa kike ana miaka 11, wa kiume sita. Mwaka jana nilimzika mama yangu. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kwa miezi mingi kabla hatujajua chochote, alikuwa akiamka usiku kufua kanga zake ili tusione damu. Mimi ndiye niliyemkuta uani saa tisa usiku, ameinamia beseni, taa kaizima. Akaniambia ni mambo ya uzee, nirudi nikalale. Nikarudi nikalala, Shangazi, na hilo ndilo linalonitesa. Zahanati aliyokuwa akienda walimpa vidonge vya maambukizi mara tatu, hakuna hata mmoja aliyemwangalia. Tulipomfikisha hospitali kubwa Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umeshatambaa.

Baada ya arobaini usingizi uliniruka. Nikawa natoka alfajiri natembea kandokando ya bahari kule Raskazone, na siku moja nikajikuta nakimbia. Sikuwahi kuwa mtu wa mazoezi. Lakini nikikimbia nilikuwa naweza kulia bila kuulizwa na mtu, na nikirudi nyumbani nilikuwa naweza kula.

Mwezi wa tisa nikajiandikisha Kilimanjaro Marathon, kilomita 42. Nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na la walimu wenzangu kwamba nakimbia kwa ajili ya mama na nachangisha fedha za utafiti wa saratani. Sikutegemea watu wangenipokea vile. Mpaka leo watu 46 wamenitumia, jumla ni shilingi 1,830,000. Zote zimeingia kwenye laini yangu ya simu, hii hii ninayonunulia umeme na mkaa.

Sasa mambo yameharibika. Mwezi uliopita mama mdogo, anayemfuata mama, amegundulika ana saratani ya titi. Anatibiwa, lakini nauli, vipimo na mahali pa kufikia vimeshawamaliza wanawe. Juzi mjomba akaandika kwenye kundi, watu wote wanasoma: "Hela za kumkimbilia marehemu zipo, za kumtibu aliye hai hazipo. Huo utafiti ni wa nani? Tuletee mahesabu." Tangu siku hiyo sijajibu neno. Kaka yangu anasema nimpe mama mdogo zote, yaishe. Rafiki yangu aliyechanga laki moja anasema nikifanya hivyo nimemdanganya.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Viatu vya kukimbilia nilivinunua kwa hela hizo hizo, shilingi 135,000. Nilisema nitarudisha mshahara ukitoka. Mishahara miwili imetoka.

Juu ya yote hayo, goti la kulia linauma nikipita kilomita 14. Mbali kabisa nilipowahi kufika ni kilomita 16, na zimebaki wiki kumi. Nikiacha, watasema nilikuwa tapeli. Nikienda, sijui kama nitafika. Nishauri kama mwanao.

Mkimbiaji, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na ile saa tisa ya usiku, maana naona hata viatu na goti vinatokea huko. Mama yako alizima taa kwa sababu alitaka usione. Alikuwa mtu mzima aliyeamua kuwaficha wanawe, na alijua kuficha. Hukumwacha uani. Alikutuma ulale, ukamtii, kama ulivyomtii maisha yako yote. Sitalirudia hili, lakini naomba ulisome mara mbili kabla hujaendelea.

Sasa hela. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nataka utoke salama.

Rudisha 135,000 leo. Usingoje mshahara wa tatu. Kama huna, mwambie mume wako ukweli mkae mtafute, hata kwa kukopa kwenye kikoba. Hukuiba ukatoroka, hilo nalijua, lakini kila siku inayopita linazidi kuwa zito kulieleza, na siku mtu mwingine akiligundua hakuna atakayekusikiliza tena, hata ukisema kweli. Gharama za mkimbiaji ni za mkimbiaji: viatu, nauli ya Moshi, chumba cha kulala, ada ya mbio. Anayetaka kukuchangia viatu akuambie ni vya viatu.

Kisha chukua daftari la kawaida, la shule. Omba kampuni ya simu taarifa ya miamala tangu mwezi wa tisa, uandike majina 46 na kiasi cha kila mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na laini inayonunua umeme na mkaa haina daftari. Zitoe humo. Fungueni akaunti ya watu wawili au watatu, isiyotoa kitu bila wote kutia saini.

Na hapa nitakuomba jambo gumu. Mmoja wa hao watu awe mjomba.

Nimeyasoma maneno yake kama ulivyoyanukuu. Yanauma, na hakupaswa kuyasema mbele ya ukoo mzima. Lakini fikiria amesimama wapi. Amemzika dada yake mwaka jana kwa saratani, sasa anamwona dada mwingine anaingia njia ileile. Mtu wa namna hiyo akiona shilingi milioni moja na laki nane zimekaa kwenye simu, hawezi kuziangalia kwa utulivu. Halafu, mwanangu, nimesoma barua yako yote nikitafuta jina la taasisi inayokwenda kupokea hizo fedha. Halimo. Umesema "utafiti wa saratani", basi. Mjomba ameuliza utafiti wa nani, na nadhani hukumjibu kwa sababu hata wewe huna jibu. Swali lake ni halali. Mpigie simu, usimwandikie. Mwambie, "Mjomba umeuliza vizuri, naomba uwe mweka hazina."

Kuhusu kumpa mama mdogo hela hizi: hapana. Si kwamba hastahili. Anastahili zaidi ya hizo. Lakini fedha hizi si zako hata uzigawe kwa huruma. Watu 46 walisoma maneno yako wakatoa kwa maneno hayo. Ukizigeuza bila kuwauliza, rafiki yako wa laki moja atakuwa na haki ya kulalamika, na mwakani mtu akichangisha kwa ajili ya mgonjwa wa kweli, watu watakumbuka. Anzisheni mchango mwingine wa mama mdogo, wenye daftari lake, na wewe uwe wa kwanza kutoa, kutoka mfukoni mwako, hata kama ni elfu ishirini. Asemaye kwamba ukoo hauwezi kubeba michango miwili, mkumbushe tunachanga kiasi gani kwenye harusi moja, kuanzia kikao cha kwanza mpaka keki.

Sasa nikusaidie kumjibu mjomba hilo la utafiti wa nani, maana wengi wanadhani utafiti ni jambo la Ulaya na Marekani, sisi kazi yetu kupokea dawa.

Ugonjwa uliomuua mama yako unasababishwa na kirusi, HPV. Jambo hilo halikujulikana mpaka Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walipokikuta ndani ya uvimbe wa saratani hiyo miaka ya 1980. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kutokana na hilo ikapatikana chanjo, na Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili. Dozi mbili ni mzigo, wewe mwalimu unajua: binti anachanjwa ya kwanza, ikija ya pili amehama shule, au yuko shambani na bibi yake. Swali likawa, je, moja haitoshi? Waliosaidia kulijibu ni pamoja na wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri kama wa binti yako, waliokubali wao na wazazi wao kuchanjwa na kutolewa damu tena na tena ili ipimwe kinga. Kenya nako wasichana na wanawake vijana zaidi ya 2,000 walifuatiliwa katika utafiti mwingine, na dozi moja ikaonekana inalinda vizuri mno. Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia huko mwaka 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa hiyo mjomba akiuliza utafiti ni wa nani, mwambie ni wa wasichana wa Mwanza, na faida yake inamfikia mjukuu wake darasani.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, na unahusu njia utakayokimbia. Mkoa wa Kilimanjaro, kama maeneo mengi ya ukanda huu wa mashariki mwa Afrika, una saratani nyingi ya umio, ile inayomfanya mtu ashindwe kumeza ugali, kisha uji, mwisho maji. Watafiti walikwenda kwa watu kule wakiwa na kipimajoto, wakapima chai ya maziwa pale mtu anapoanza kuinywa. Wastani ulipita nyuzi 70. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vinavyopita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Umeona hapo? Kikombe cha chai, kipimajoto, daftari, na mtu mwenye subira ya kukaa sebuleni kwa watu. Mimi tangu nijue hilo naiacha chai yangu ipoe, na wageni wangu nawaambia sababu.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema 1,830,000 ni kidogo mno kwa utafiti. Haigundui dawa, ni kweli, na usimwahidi mtu hivyo. Lakini utafiti mwingi wa kwetu unakwama kwenye vitu vidogo: nauli ya mgonjwa wa Handeni arudi kliniki ahojiwe, karatasi, mafuta ya pikipiki ya anayewafuatilia watu vijijini. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka hospitali za Afrika Mashariki na kusini zaidi ya kilomita 16,000, wakiuliza tu: mmewahi kumwona mtoto mwenye uvimbe huu? Safari ile ilionyesha ugonjwa unafuata joto na mvua. Sampuli kutoka Uganda zilikuja kumfikisha Anthony Epstein na wenzake kwenye kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, mwaka 1964.

Basi wiki hii andika barua. Taasisi ya Saratani Ocean Road ipo Dar es Salaam, na utafiti ni sehemu ya kazi yake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ipo, ina vituo Tanga na Mwanza. Hospitali ya KCMC ipo palepale Moshi, utakimbia mji wao. Chagua moja, uwaulize kwa maandishi: mnapokea mchango wa watu binafsi? Unaweza kuwekwa kwenye utafiti peke yake, au unaingia kwenye mfuko mmoja na matumizi mengine? Mtatupa stakabadhi, na baadaye mtatueleza ulifanya nini? Kama ni taasisi ya serikali, omba kumbukumbu namba ya malipo, hela iingie moja kwa moja bila kupita kwa mtu, na karatasi yake mjomba aipige picha aiweke kwenye kundi. Wakikujibu kwamba hawawezi kuitenga kwa utafiti, rudi kwa watu wako 46 uwaambie hivyo, waamue. Kuanzia hapo asiongezeke mtu wa 47 kabla jina la taasisi halijaandikwa kwenye tangazo lako.

Goti nalo.

Mwanangu, usikimbie kilomita 42 mwezi wa pili. Nimeziona mbio za Moshi. Zimekuwapo tangu 2003, zinaanzia na kumalizikia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na zinawadanganya watu wa pwani. Wa kilomita 42 wanaanza na barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam, tambarare kabisa, unajiona umeshamaliza. Kisha mnarudishwa mjini, na wakati miguu imeshachoka ndipo mnageuzwa kupanda kuelekea Mweka, migomba na kahawa kushoto na kulia, jua la Februari limeshapanda nalo. Mtu mwenye kilomita 16 na goti bovu, anayefanyia mazoezi ufukweni ambako hakuna hata tuta, hana wiki za kutosha kujiandaa na hilo. Waulize waandaaji mapema kama wanaruhusu kubadili umbali, uombe 21. Nayo inapanda upande huohuo wa Mweka, usiidharau. Lakini inawezekana.

Kwanza goti lionekane na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Maumivu yanayokuja kila siku baada ya umbali uleule yana sababu, na sababu nyingine zinatibika kwa mazoezi ya paja na nyonga, bila dawa. Akikuruhusu, kimbia mara nne kwa wiki, tatu fupi na moja ndefu. Ile ndefu iongeze kilomita moja au mbili tu, na kila baada ya wiki tatu upunguze mwili upumue. Ukifika 18 au 19, panatosha. Wiki mbili za mwisho punguza, hata kama moyo unataka kukimbia zaidi. Tanga Desemba na Januari ni mvuke mtupu, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri uwe barabarani, usiwe peke yako, na utumie njia yenye watu. Ukipata wikiendi mbili za kwenda Lushoto, ile barabara inayopanda kutoka Mombo itakufundisha kitu ambacho Raskazone haiwezi. Panda kwa kutembea haraka, hakuna aibu, siku ya mbio utafanya vilevile. Mteremko ndio wa kuuogopa: hatua fupi, usijiachie, maana magoti huumia wakati wa kushuka. Jipake mafuta ya mgando mapajani na chini ya mikanda ya sidiria. Maji kunywa kwa kiu, usijaze tumbo kila meza unayoipita, maana maji kupita kiasi nayo yanaangusha wakimbiaji.

Utawaambia nini waliochanga kwa ajili ya 42? Ukweli: goti linauma, nakimbia 21, anayetaka hela yake nitamrudishia. Sidhani hata mmoja atadai.

Andika basi kwenye kundi, baada ya kuongea na mjomba, maneno kama haya: "Ndugu zangu, mlinichangia 1,830,000. Hii hapa orodha ya majina na kiasi. Shilingi 135,000 nilizitumia kununua viatu, nilikosea, nimezirudisha. Nilikosea pia kutowaambia mapema zinakwenda wapi. Nimeiandikia taasisi hii, nasubiri jibu. Mjomba ndiye mweka hazina. Mama mdogo ana mchango wake, nimeanza mimi." Mistari hiyo itakuuma kuiandika, hasa ule wa viatu. Uandike.

Nimebakiza moja, na kwangu ndilo kubwa kuliko mbio. Una miaka 37. Umeandika mengi kuhusu mama, mama mdogo na goti, hukuandika kama wewe umechunguzwa. Mlango wa kizazi unaangaliwa kwa siki: nesi anapaka, anasubiri kama dakika moja, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Mabadiliko yakikutwa mapema yanaondolewa kabla hayajawa saratani. Mama yako hakuangaliwa mara zote tatu alizokwenda kupewa vidonge. Wewe ingia useme kwa kinywa chako, "Nimekuja kuchunguzwa mlango wa kizazi," usikubali kutoka na vidonge. Watajie na mama mdogo, uwaulize kuhusu matiti yako. Na binti yako wa miaka 11, kama hajapata chanjo shuleni, siku hiyohiyo mpeleke.

Humo kwenye watu 46 najua wanawake ni wengi, na wengi wao wamevuka thelathini. Ukirudi kutoka kliniki waambie umekwenda, ulipimwaje na ilichukua dakika ngapi, hata kabla ya kuwapa habari za mbio.

Shangazi yako